Ratiba ya Ziwa

Mvua ya Bukoba ina tabia ya kuja asubuhi. Mgeni aliyekulia Dodoma au Tabora, ambako wingu hujengeka baada ya adhuhuri na kumwaga jioni, hushtushwa na radi ya saa kumi na moja alfajiri, na hushangaa zaidi akiona wenyeji wanajigeuza tu kitandani na kuendelea na usingizi. Ikifika saa nne au saa tano mji umeanza kukauka, wauza ndizi wamerudi barabarani, na Kisiwa cha Musira kinaonekana waziwazi mbele ya ufuko. Mwenyeji hahitaji kuelezwa kwa nini iko hivyo. Anayehitaji ni rubani, kwa sababu ndege inayoondoka Dar es Salaam alfajiri humfikisha juu ya ziwa kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, na saa hizo mvua mara nyingi bado iko kazini.

Hapo ndipo ratiba mbili zinapogongana. Moja imeandikwa na shirika la ndege. Nyingine ni ya ziwa, na ni ya zamani zaidi.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800. Ukiziweka Rwanda na Burundi pamoja bado linazizidi. Maji mengi kiasi hicho hayabadiliki joto upesi. Usiku na mchana uso wake hubaki karibu na nyuzijoto 24 au 25, huku nchi kavu inayolizunguka ikichemka mchana na kupoa usiku. Mchana hewa ya nchi kavu hupata joto na kupanda, na ile ya ziwani huvuta kuelekea pwani kuijaza nafasi yake. Usiku mambo hugeuka: hewa iliyopoa juu ya mashamba ya Kagera, Buganda, Mara na Nyanza huteremka kuelekea majini. Mvuvi anayetoka na mtumbwi usiku anaujua upepo huo, humsukuma mgongoni bila kutumia kasia sana.

Sasa fikiria upepo huo ukitoka kila upande wa ziwa kwa wakati mmoja. Unakutana katikati, juu ya maji yenye uvuguvugu na unyevu mwingi, na hauna pa kwenda isipokuwa juu. Ikipita saa sita usiku mawingu yanaanza kujijenga, na kabla ya mapambazuko baadhi yake yamepanda kilomita kumi na zaidi, umeme ukimulika ndani yake kama mtu anayewasha na kuzima taa chumbani. Pepo za jumla za ukanda huu huvuma kutoka mashariki, kwa hiyo mfumo mzima husukumwa taratibu kuelekea magharibi. Magharibi ndiko ziliko Bukoba na visiwa vya Ssese. Matokeo yake yameandikwa kwenye vipimo vya mvua: Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na Musoma, iliyo kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa hilohilo, haifikii nusu ya hizo.

Wakulima wa chai wa Kericho, kule Kenya, wana ratiba iliyo kinyume. Kwao upepo wa ziwa hupanda mlima mchana, ukakutana na pepo za mashariki juu ya nyanda za juu, na mvua ya mawe ikawaangukia alasiri huku majani mabichi yakisubiri kuchumwa. Ziwa ni lile lile. Rubani anayefanya safari za kanda hii hana budi kujua yuko upande gani na saa ngapi, kabla hata hajafungua karatasi ya utabiri.

Kiwanja cha Bukoba kimebanwa kati ya mji na maji. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kiwanja kiko mita chache tu juu yake. Njia yake ya kurukia na kutua, yenye urefu wa kama kilomita moja na nusu, inaanzia karibu kabisa na ufuko na kuelekea kaskazini-magharibi, ambako vilima vinavyouzunguka mji vinasubiri. Ukitua kutoka ziwani unatumia njia namba 31, maana yake pua ya ndege inaelekea karibu nyuzi 310 za dira. Ukitumia lami hiyohiyo kwa upande wa pili inaitwa 13. Kwenye ramani ni namba mbili zenye haki sawa. Kwa rubani hazilingani hata kidogo: upande mmoja una maji tambarare, upande mwingine una vilima na paa za nyumba.

Ndege zinazokuja huku ni za pangaboi, kama ATR, Dash 8 Q400 au Cessna Caravan yenye injini moja, na hilo halitokani na umaskini. Njia fupi inataka ndege inayoweza kuja polepole na kusimama upesi. Mtambo wa redio unaomshika rubani mkono hadi karibu na lami, ule ILS uliopo kwenye viwanja vikubwa, Bukoba haupo. Mwishoni mwa safari rubani lazima aione njia kwa macho yake. Akiiona, anatua. Asipoiona, hana ruhusa ya kukisia.

Ili ajue kama ataiona, anaanza na ujumbe mfupi ambao watu wa hali ya hewa huuandika kwa lugha ya mkato. Huu nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya mfano, lakini umefuata kanuni zote:

HTBU 140500Z 33006KT 4000 TSRA SCT015 FEW018CB BKN080 19/18 Q1018

Herufi nne za mwanzo ni jina la Bukoba katika vitabu vya anga vya dunia. Inafuata tarehe 14, saa 0500 kwa saa ya Greenwich, ambayo Bukoba ni saa mbili asubuhi. Rubani wa Afrika Mashariki anabeba saa tatu kichwani: sifuri-tano ya ujumbe, sifuri-nane ya tiketi, na saa mbili ya abiria anayempigia mjomba wake simu kumwambia aje kumpokea. Kosa dogo la kujumlisha hapa, na utasoma hali ya saa tatu zilizopita ukidhani ni ya sasa.

Upepo unatoka nyuzi 330 kwa noti 6, yaani kama kilomita 11 kwa saa. Kwa anayetua kwenye 31 huo ni upepo wa mbele, mzuri, unapunguza kasi ya magurudumu yanapogusa lami. Uoni ni mita 4,000. Ungekuwa kilomita kumi au zaidi pangeandikwa 9999. Anayetaka kuruka kwa macho tu, bila kutegemea vyombo, kwa kawaida anatakiwa kuwa na kilomita 5, kwa hiyo huyu wa kwetu tayari hana. TSRA ni radi na mvua. Mawingu hupimwa kwa kuigawa anga mafungu manane: hapa mafungu matatu au manne yamezibwa na wingu lililo futi 1,500 juu ya kiwanja. Kisha kuna herufi mbili ambazo rubani huzitafuta kwa jicho kabla ya kitu kingine chochote: CB, wingu la radi. Ujumbe huu hautaji aina za mawingu kwa majina, isipokuwa hilo na mdogo wake anayekua kuelekea huko. Mengine yote yanatosha kutajwa kwa kimo na wingi.

Mimi huangalia sana zile namba mbili za joto, 19/18. Ya kwanza ni joto la hewa, ya pili ni joto ambalo hewa hiyo ikifikia itashindwa kubeba unyevu wake na kuuachia kuwa matone. Tofauti ni nyuzi moja. Kwa lugha ya nyumbani, hewa imeshiba. Hata mvua ikikatika, ukungu au wingu la chini linaweza kuzaliwa papo hapo juu ya lami iliyolowa. Mwisho ni kanieneo ya hewa, hektopaskali 1018, ambayo rubani huiingiza kwenye altimita ili kimo anachosoma kiwe cha kweli. Akikosea hektopaskali moja, kimo kinapotoka kwa karibu futi 30. Kumi ni futi 300, na ukiwa unashuka juu ya ziwa ndani ya mvua, futi 300 ni nyingi mno.

Nyuma ya mstari huo kuna mtu. Ni mtumishi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania aliyetoka nje, akatazama juu, akachagua alama anazozijua umbali wake, kilima fulani au kisiwa fulani, na kuamua kama anaziona. Kazi yake haina sifa. Hakuna abiria aliyewahi kumshukuru, wala wengi hawajui kwamba yupo. Na hata akiwa hodari namna gani, ujumbe wake unaeleza hali ya dakika ile aliyotazama, naye rubani anausoma akiwa bado angani mbali. Dhoruba ya ziwani inaweza kuufanya uzee kabla haujafika.

Hapo ndipo jambo la upepo linapokuwa gumu. Wingu la radi linapokomaa huachia hewa baridi kwa wingi pamoja na mvua. Hewa hiyo ikigonga uso wa maji husambaa pande zote, na makali yake hutangulia kilomita kadhaa mbele ya mvua yenyewe. Watu wa ufukweni huisikia kama ubaridi wa ghafla unaopeperusha vumbi na mifuko kabla tone la kwanza halijadondoka. Sasa weka wingu hilo ziwani, mashariki ya Bukoba, mahali ambapo ratiba inapenda kuliweka. Upepo wake utavuma kutoka ziwani kuja mjini, na ndege inayotua 31 nayo inatoka ziwani kuja mjini. Ule upepo wa mbele wa noti 6 unaweza kugeuka kuwa upepo wa nyuma ndani ya dakika chache, na kwa ndege nyingi za abiria noti 10 za nyuma ndizo mpaka wa kawaida. Kutua kwa upande wa pili, kutoka kwenye vilima, huku mawingu yameshuka, ni jambo ambalo rubani mwenye busara halijadili kwa muda mrefu.

Aliyetufundisha ukali wa hewa hii inayoshuka ni Tetsuya Fujita, Mjapani aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Chicago. Baada ya vita alikwenda Nagasaki na Hiroshima kuchunguza uharibifu wa mabomu, na akaona jinsi mlipuko ulivyolaza vitu kwa mistari inayotawanyika kutoka kituo kimoja. Miaka mingi baadaye aliona ramani kama hiyo kwenye misitu na mashamba ya Marekani yaliyopigwa na dhoruba, miti ikiwa imelala kuelekea nje pande zote. Tarehe 24 Juni 1975 ndege ya Eastern namba 66 ilianguka ikikaribia kutua New York na kuua watu 113. Fujita alisema imepigwa na mporomoko wa hewa kutoka kwenye wingu la radi, na wenzake wengi hawakumwamini mwanzoni. Tarehe 2 Agosti 1985 Delta namba 191 ilianguka Dallas kwa sababu ya aina hiyohiyo, watu 137 wakafa. Baada ya hapo mabishano yakaisha.

Ubaya wa mporomoko huu ni kwamba huanza kwa kukupa zawadi. Ndege inapouingia hukutana kwanza na upepo mkali wa mbele. Mabawa yanapata nguvu, ndege inanyanyuka, na rubani asiyejua anapunguza moto wa injini ili arudi kwenye mstari wake. Sekunde chache baadaye yuko chini ya hewa inayoshuka, kisha anatokea upande wa pili ambako upepo uleule sasa unamsukuma kwa nyuma. Kasi ya hewa juu ya mabawa inaporomoka wakati ambao tayari amekwisha kupunguza injini na ardhi iko karibu. Marekani iliviwekea viwanja vyake vikubwa mtandao wa vipima upepo na rada maalumu za kugundua hatari hii. Kiwanja kidogo cha kando ya ziwa kina mfuko wa upepo na macho ya muongoza ndege.

Lakini hata pasipo mporomoko wowote, mvua na maji vina namna ya kumdanganya mtu anayetazama kwa kioo cha mbele. Marubani hufundishwa hili darasani, na nadhani linastahili kujulikana na abiria pia. Ukishuka juu ya uso usio na alama, kama ziwa, jicho halina nyumba wala mti wa kulinganisha, nalo huamini uko juu kuliko ulivyo. Maji ya mvua kwenye kioo hupinda mwanga, na udanganyifu wake huenda upande huohuo: uko juu kuliko ulivyo. Njia nyembamba kuliko uliyoizoea huonekana ya mbali, na jicho tena linasema uko juu. Rubani aliyetoka Dar es Salaam kwenye lami pana, akaja kwenye njia nyembamba, akivuka ziwa, kioo kikitiririka maji, ana mashahidi watatu wanaosema uongo mmoja. Anayewaamini hushuka zaidi.

Dawa yake ni kuacha kuliamini jicho peke yake. Kwenye viwanja vingi taa zilizopangwa kando ya njia humwonyesha rubani kwa rangi nyeupe na nyekundu kama yuko juu au chini ya mstari unaofaa. Altimita ya redio, inayopima kimo kwa kurusha mawimbi chini na kusubiri yarudi, haijali mvua wala upana wa lami. Na rubani wa pili, ambaye kazi yake ni kusoma vyombo huku mwenzake akitafuta njia nje, anatakiwa awe na sauti. Utamaduni wetu wa kumheshimu mkubwa una uzuri mwingi, lakini ndani ya chumba cha marubani mdogo anayenyamaza kwa adabu ni hatari sawa na chombo kilichoharibika.

Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi ya Jumapili, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42-500, safari namba PW494 kutoka Dar es Salaam, ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika chache. Walikuwamo watu 43. Walikufa 19, wakiwamo marubani wote wawili, na 24 waliokoka. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, yenye mvua na radi. Waliofika kwanza ni wavuvi kwa mitumbwi yao, na picha ya mkia wa ndege uliochomoza juu ya maji, watu wakivuta kamba ufukweni, ilizunguka dunia. Sitaki kuitumia ajali hii kama uthibitisho wa kila nilichoandika hapo juu. Ajali ya ndege haiwi na sababu moja, na kuieleza ni kazi ya wachunguzi wenye vinasa sauti na takwimu za safari mikononi. Ninachoweza kukionyesha ni kalenda na saa tu: Novemba, katikati ya vuli, saa tatu kasoro, asubuhi, ufuko wa magharibi. Anayelijua ziwa akitazama namba hizo haoni mkosi.

Kwa nini basi ndege hupangwa asubuhi? Sababu ya kwanza ni ya biashara, nayo ni ya haki. Ndege ikianza kazi alfajiri inaweza kufanya safari kadhaa kabla ya giza, na viwanja vidogo vingi vya nchi yetu vimetegemea mwanga wa jua. Sababu ya pili inatoka kwenye fizikia. Hewa ya joto ni nyepesi. Injini, pangaboi na mabawa yote hupata kidogo cha kushika. Bukoba iko karibu mita 1,140 juu ya bahari, lakini kwa nyuzijoto 19 za asubuhi ndege hufanya kazi kana kwamba iko mita 1,550, na kwa nyuzijoto 27 za mchana kana kwamba iko mita 1,850. Inahitaji lami ndefu zaidi ili inyanyuke, na ikinyanyuka inapanda kwa uvivu. Nairobi, kwenye Uwanja wa Wilson ulio mita 1,690 hivi, mchana wa nyuzijoto 26 ndege ndogo hujikuta inafanya kazi kama iliyo karibu mita 2,500. Ndiyo maana marubani wa ndege za watalii huko hupenda kuondoka mapema. Asubuhi, basi, ina hewa nzuri kwa injini. Bukoba hewa hiyo nzuri inakuja pamoja na dhoruba.

Lami nayo ina madai yake. Kanuni zinazofuatwa na nchi nyingi husema ndege ya pangaboi ya abiria ipangiwe kusimama ndani ya asilimia 70 ya urefu wa njia, ili akiba ibaki kwa ajili ya kosa la kibinadamu. Kwenye njia ya mita 1,500 hiyo ni mita 1,050. Njia ikitarajiwa kuwa imelowa, urefu unaohitajika huongezwa asilimia 15, na zile mita 1,050 zinakuwa sawa na kama 913 za lami kavu. Hivyo asubuhi ya mvua kiwanja hupungua bila mtu kuchimbua lami. Njia moja ya kukipatanisha na ndege ni kupunguza uzito, na uzito ni abiria, mizigo au mafuta.

Hapa ndipo hesabu inapokuwa chungu, kwa sababu mafuta ndiyo subira. Rubani anayekwenda mahali penye ratiba kama ya Bukoba anahitaji mafuta ya kufika, ya kuzunguka angani akisubiri wingu lipite, ya kwenda kiwanja mbadala, na juu ya hayo akiba ya mwisho ya dakika 30 kwa ndege za turbini, ambayo haiguswi ila kwa dharura. Mwanza iko kama kilomita 175, nusu saa au pungufu kwa ATR, na mara nyingi saa ambayo Bukoba imefunikwa Mwanza inakuwa imeachwa na dhoruba iliyosukumwa magharibi. Kila lita ya kusubiri ni uzito wa kutua nao. Mhasibu akiona mafuta mengi yanarudi ndani ya ndege bila kutumika anaona hasara. Rubani anaona dakika kumi na tano za kutolazimika kuamua.

Kisha kuna sisi tuliokaa nyuma. Safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba inakula muda mrefu, kwa hiyo aliyepanda ndege ameshalipia haraka yake. Kuna harusi, kuna msiba, kuna mkutano wa saa nne. Rubani anapotangaza kwamba tutakwenda Mwanza kwanza tusubiri, kabini hutoa mguno mmoja ambao hupita kwenye mlango uliofungwa. Nimeusikia na nimeshiriki kuutoa. Ukweli ni kwamba ndege iliyokataa kutua na ikarudi Mwanza ndiyo iliyofanya kazi kama ilivyokusudiwa, ila hakuna anayeipigia makofi. Makofi tunayahifadhi kwa aliyetua katikati ya mvua, na sidhani kama tumewahi kujiuliza tunamfundisha nini.

Hali inabadilika kidogo kidogo. Rada ya hali ya hewa iliyowekwa Mwanza huona mvua ikijijenga juu ya maji ambako hakuna mtu wa kuipima. Mwaka 2017 ulianza mradi ulioitwa HIGHWAY, uliowakutanisha wataalamu wa hali ya hewa wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda pamoja na wenzao wa Uingereza na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ili dhoruba za ziwa zitabiriwe mapema zaidi. Wavuvi ndio waliofikiriwa kwanza, na ndivyo ilivyostahili, maana hao huwa ziwani saa zile mawingu yanapokutana. Lakini wingu linalopindua mtumbwi saa tisa usiku ndilo litakalokuwa juu ya kiwanja saa mbili asubuhi, na taarifa inayomfaa mvuvi inamfaa rubani pia, ili mradi imfikie kabla hajaondoka Dar es Salaam.

Yapo mambo ambayo rada haiyatatui. Kiangazi, Julai na Agosti, radi hupungua, na wakati huo moshi wa nyasi zinazochomwa katika ukanda mpana wa Afrika ya Kati husambaa hadi ziwani. Siku haina wingu, jua liko kamili, na bado mtu aliye angani anaona weupe tu, maji na mbingu vikiwa rangi moja bila mstari wa kuvitenga. Kuna pia wadudu wa ziwani, wanaopanda kwa mamilioni kutoka majini na kujenga minara inayofanana na moshi hata ukiwa kilomita nyingi. Wanajaa kwenye kioo. Ndege wenye manyoya huwafuata kuwala, na hao ni wazito zaidi.

Kwa miaka mingi kumekuwa na mazungumzo ya kujenga kiwanja kipya cha Kagera huko Omukajunguti, wilayani Missenyi. Kila ajali au hitilafu huyafufua. Njia ndefu ingeondoa zile hesabu za mita 913, na nafasi pana ingeruhusu mitambo ambayo mji wa Bukoba hauna pa kuiweka. Radi za alfajiri zingekuwa zilezile, kwa kuwa pepo zinakutana juu ya maji bila kuuliza kiwanja kiko wapi. Mimi ningeuliza kwanza habari ya taa. Ufuko wa magharibi kwa kawaida huwa na utulivu wake mkubwa kuanzia alasiri hadi mwanzo wa usiku, baada ya dhoruba ya asubuhi kwisha na kabla ya ile ya usiku kuanza kujijenga. Kiwanja chenye taa kinaweza kupokea ndege saa moja jioni au saa mbili usiku, hewa ikiwa imeshapoa na lami ikiwa kavu. Shirika lingepanga safari hiyo upya, abiria wangefika kwa chakula cha usiku, na ndege ingelala Bukoba hadi asubuhi. Kuhusu saa ya kuondoka asubuhi hiyo, ningesema saa nne.